Usaha sikioni kwa mtoto wa miezi 14, mara ya nne tangu Oktoba: tunakosea wapi?

Mhudumu_Tandahimba

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, huku Tandahimba. Naulizia mtoto wa kike, miezi 14, kilo 9.2, bado ananyonya. Mama yake ameridhia niulize bila kumtaja.

Kwenye kadi na daftari mambo yapo hivi. Oktoba, korosho zimepamba moto, alianza na mafua, siku ya tatu homa, usiku hakulala, asubuhi shuka imelowa usaha wa sikio la kulia. Akapewa amoksilini ya maji, mililita 5 mara tatu kwa siku. Siku ya tatu homa ikashuka, dawa ikaachwa. Novemba usaha tena, kulia. Duka la dawa muhimu wakatoa matone ya jentamaisini, yakatumika wiki moja. Mwisho wa Desemba tena, kulia, na safari hii una harufu. Akarudia amoksilini ileile kwa kipimo kilekile, siku tano zikaisha zote. Sasa ni Februari: juzi homa 38.9, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) hasi, usiku kucha analia huku anashika sikio la kushoto, na jana la kushoto nalo likatoa usaha mwembamba.

Naomba kujua kama huu ndio ugonjwa wa masikio unaojirudia, kama dawa ibadilishwe, na nimwelekeze nini mama. Bibi wa mtoto anatia mafuta ya nazi ya vuguvugu, mama naye anakamulia maziwa sikioni. Zahanati ipo kilomita 6, tunakwenda kesho asubuhi.

Tabibu_wa_Kusini

Mhudumu, tarehe zako zimeshajibu nusu ya swali. Zisome tena: kulia, kulia, kulia, halafu kushoto. Kwa maelezo haya sikio la kulia halikuugua mara tatu. Liliugua mara moja, Oktoba, halikukauka, na kila mafua yakija usaha unaongezeka mpaka mnauona. La kushoto ndilo jipya. Mtoto ana magonjwa mawili kwa pamoja na kila moja lina tiba yake. Mkiyatibu kama moja, Aprili mtakuwa mnauliza swali hilihili.

Mstari unaoyatenganisha ni siku 14. Usaha wa chini ya siku 14 ni maambukizi ya ghafla. Ukifika siku 14 au kupita, ni maambukizi sugu, hata kama mtoto anacheza na hana homa. Ugonjwa unaojirudia ni kitu cha tatu: mara 3 au zaidi ndani ya miezi 6, au mara 4 ndani ya mwaka, lakini katikati sikio liwe limekauka na kupona kabisa. Kabla hujasema linajirudia, muulize mama swali moja tu: "Baada ya dawa kuisha, ulipita muda gani bila unyevu wala harufu?" Wengi hujibu kwamba lilikuwa linatoka kidogokidogo tu. Hiyo kidogokidogo ndiyo usugu wenyewe.

Kwa nini watoto wa umri huu hasa? Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye mrija unaoshuka mpaka nyuma ya pua. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama, kwa hiyo majimaji hushuka. Kwa mtoto ni mfupi na umelala karibu sawa na sakafu. Mafua yakiuvimbisha, majimaji hunasa ndani, bakteria walioko puani hupanda na kuzaliana, usaha hujaa, ngoma huvutika. Hapo ndipo mtoto analia usiku. Ngoma ikitoboka, usaha humwagika na maumivu hupungua papo hapo. Mzazi anaona nafuu, anaacha dawa, kumbe sasa kuna tundu, na maji ya kuogea na bakteria wa nje wana njia ya kuingilia.

Sikio la kushoto: amoksilini ya kumeza, siku 5 kamili, na parasetamoli ya maumivu. Kipimo kifuate kilo, maana ukifuata umri wa miezi 14, jedwali la dozi litampa vidonge viwili vya miligramu 250 kila mara naye hajafikisha kilo 10. Mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 10 anapata miligramu 250 asubuhi na miligramu 250 jioni. Kilo 10 hadi chini ya 14 ni miligramu 500 asubuhi na jioni. Kilo 14 hadi 19 ni 750 asubuhi na jioni. Sasa rudi kwenye ile mililita 5 mara tatu. Kama chupa ni ya miligramu 125 kwa kila mililita 5, alikuwa anapata 375 kwa siku badala ya 500. Dawa pungufu, tena kwa siku tatu. Haishangazi.

Ombeni vidonge vya kuyeyuka kwenye maji, vile vya miligramu 250 vinavyotolewa kwa nimonia. Kwake ni kidonge kimoja kutwa mara mbili, vidonge 10 kwa siku 5. Unakiweka kwenye kijiko, unatia maji safi au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kinayeyuka, anameza yote. Akitapika ndani ya nusu saa, arudiwe.

Siku ya 5 arudi hata kama anacheka. Kama bado kuna usaha au maumivu, aongezewe siku 5 za dawa ileile na sikio liendelee kukaushwa.

Sikio la kulia: vidonge havitalikausha. Kwenye sikio sugu bakteria wengi huwa wa aina nyingine, hawajali amoksilini, na dawa ya kumeza haifiki pale kwa nguvu ya kutosha. Linataka kukaushwa kwa utambi, yaani kitambaa kilichosokotwa, mara tatu kwa siku na matone ya siprofloksasini baada ya kila kukausha, wiki mbili. Wataalamu wa matone na utambi wapo humu, nawaachia.

Kuna dalili ambazo mkiziona msisubiri kesho. Uvimbe au maumivu nyuma ya sikio, hasa sikio likisukumwa mbele na chini, ni usaha ulioingia kwenye mfupa. Mdomo kupinda upande mmoja, degedege, shingo kukakamaa, kulegea, kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu: yoyote kati ya hizo ni hospitali siku hiyohiyo. Na kichanga wa chini ya miezi 2 mwenye usaha sikioni apelekwe moja kwa moja, asipitie dukani.

Mfamasia_Masasi

Naongezea upande wa dawa, nikianza na jentamaisini. Matone yale ni ya bei nafuu na yapo kila mahali, ndiyo maana yanatoka mkono kwa mkono. Lakini jentamaisini na neomaisini zina uwezo wa kuua seli za kusikia. Ngoma ikiwa nzima, zinabaki nje. Ikiwa imetoboka, zina njia ya kufika sikio la ndani, na usikivu ukipotea kwa njia hiyo haurudi. Usaha ukishatoka sikioni, chukulia kwamba ngoma imetoboka mpaka mtu mwenye otoskopu, kile kifaa chenye taa cha kuchungulia sikio, aseme vinginevyo. Chupa iliyobaki nyumbani msiitumie.

Siprofloksasini ya matone, nguvu ya asilimia 0.3, ndiyo salama kwa sikio lenye tundu. Ukikuta chupa imeandikwa ni ya macho, dawa ileile inaweza kutumika sikioni. Kinyume chake hapana: iliyoandikwa ya sikio tu isitiwe machoni kamwe. Ikishafunguliwa, andika tarehe kwa kalamu ubavuni, na baada ya wiki 4 itupwe. Ncha isiguse sikio wala kidole.

Kama kituo kina amoksilini ya unga wa kuchanganya tu, makosa huwa matatu. La kwanza ni kumimina maji juu ya unga ulioganda. Gonga chupa kwanza mpaka unga ulegee, tia maji nusu, tikisa, kisha jaza hadi alama. Maji yawe yamechemka na kupoa. La pili ni kijiko cha nyumbani. Omba sirinji isiyo na sindano au kifuniko chenye alama. Chupa ya mililita 100 yenye miligramu 125 kwa mililita 5, mtoto wa kilo 9.2 anatakiwa mililita 10 asubuhi na 10 jioni, hivyo inaisha siku ya 5 barabara. Ikibaki, ujue kuna dozi zilipungua. Mtoto wa kilo 11 anahitaji chupa mbili, na hapo ndipo wengi hukwama: wanapewa moja, inakwisha siku ya pili na nusu, basi. La tatu ni joto. Ikishachanganywa, kwa joto letu isikae dirishani wala juu ya bati la jikoni. Kama hakuna friji, chupa iwekwe kwenye bakuli la maji ya mtungi, kivulini, na isivuke siku 7.

Parasetamoli ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5: kwa kilo 9.2 mpe mililita 5, kila baada ya saa 6 kama maumivu yapo, isizidi mara 4 kwa siku. Usiku wa kwanza ndio mbaya zaidi, apewe kabla ya kulala.

Dawa za mafua za mchanganyiko, zile za kukausha kamasi, hazifungui mrija wa sikio wala hazizuii usaha. Kwa umri huu zinaleta usingizi mzito au kuhangaika. Hela hiyo ni bora inunue siprofloksasini.

Mhudumu_Tandahimba

Nimeandika yote, Mungu awabariki. Nimeangalia ile chupa ya Desemba: ni 125 kwa mililita 5 kama alivyosema Tabibu, na kuna robo imebaki.

Kuhusu utambi: wa kitambaa gani, unaingia kiasi gani, na unamshikaje mtoto wa miezi 14 anayepigana? Mama anaogopa kutoboa. Na vijiti vya pamba vya dukani je?

Nesi_Masikio

Dada, vijiti vya pamba wekeni mbali. Kijiti kigumu husukuma usaha ndani, na mtoto akigeuza kichwa ghafla ncha inafika kwenye ngoma. Karatasi ya chooni nayo inakatika na kubaki ndani. Pamba ya kufunga vidonda huacha nyuzi.

Kinachofaa ni kitambaa cha pamba halisi kilichochakaa. Kanga ya zamani iliyofuliwa mara nyingi ni nzuri mno, lakini siyo kila kanga: zile za tetroni zinateleza na hazinyonyi. Jaribu hivi: dondoshea tone moja la maji. Likizama hapohapo, kitambaa kinafaa. Likikaa juu kama shanga, acha. Fua, chemsha dakika 10, anika juani, piga pasi ya moto au hifadhi kwenye mfuko safi. Kata miraba ya sentimita 4 hadi 5, tayarisha kama 30 kwa kuanzia.

Kuviringisha: shika mraba kwenye kona moja, sokota kati ya kidole gumba na cha shahada kuelekea kona ya pili, upate utambi mwembamba uliochongoka mbele na mnene nyuma. Uwe umekaza kiasi cha kusimama wenyewe ukiushika nyuma, lakini ncha ikigusa ncha ya kidole chako ijipinde. Ikikuchoma, ni ngumu mno. Ikilala kabla ya kugusa, ni legevu.

Mshiko ni wa watu wawili. Mmoja anaketi, mtoto anakaa pajani kiubavu, mikono yake imefungwa kwa kanga kama anavyobebwa, kichwa kimeegemezwa kifuani kwa kiganja kimoja kwenye paji. Sikio linalosafishwa liwe juu kwenye mwanga wa dirisha au mlango. Wa pili ananawa kwa sabuni, anavuta sikio nyuma na chini kidogo, hivyo ndivyo tundu la mtoto wa chini ya miaka 3 hunyooka. Ingiza utambi taratibu huku ukiuzungusha, mpaka ukutane na unyevu au usimame wenyewe. Hakuna kulazimisha. Uache hapo unyonye. Ukilowa, toa, tupa, weka mwingine. Endelea mpaka utambi utoke mkavu. Siku ya kwanza ya sikio sugu unaweza kutumia tambi 6 au 8 kwa mara moja. Siku ya nne kwa kawaida zinatosha 2. Hesabu ya tambi ndiyo kipimo chenu cha nyumbani. Iandike: asubuhi 7, mchana 6, jioni 6. Isiposhuka kabisa kwa siku 5, rudini kituoni, msingoje wiki mbili ziishe.

Sasa matone, na hapa wengi huharibu. Ukitia matone juu ya usaha, dawa inaelea juu na haigusi ugonjwa. Kwanza kavu, kisha dawa. Fumbata chupa mkononi dakika mbili tatu ipate joto la mwili, maana tone la baridi humletea kizunguzungu na kulia. Mtoto alale kiubavu, vuta sikio nyuma na chini, dondosha idadi iliyoandikwa. Halafu kuna kile kinundu kidogo mbele ya tundu la sikio. Kibonyeze kwa kidole na kuachia, mara 5 hivi, kama pampu. Utaona dawa inazama na kiputo cha hewa kinatoka. Bila pampu hiyo dawa hubaki mlangoni. Alale hivyo dakika 3 hadi 5, anyonyeshwe hapohapo atulie.

Sikio la kushoto nalo likaushwe kwa utambi mara tatu kwa siku kwa sababu linatoa usaha. Anza na hilo, nawa, ndipo uende la kulia. Utambi wa sikio moja usiguse lingine.

Mama_Mikindani

Mama mwenzangu asilaumiwe kwa maziwa, lengo lake ni jema. Mwambieni tu kwamba maziwa yana sukari na yakibaki ndani ni chakula cha bakteria. Mafuta ya nazi hufunika ngoma, mtabibu akichungulia haoni kitu, na matone hayapenyi. Bibi apewe kazi nyingine ya heshima: yeye ndiye amshike mtoto wakati wa utambi, na yeye ndiye atunze hesabu.

Kuogesha: msimmwagie maji kichwani kwa kata. Mwili uoshwe kwanza, kichwa mwisho, kiinamishwe nyuma, kifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa. Kipande cha pamba kilichopakwa vaselini kinaweza kuziba mdomo wa sikio kwa dakika za kuoga tu, kisha kitolewe. Sisi wa pwani tuna la ziada: kumchovya mtoto baharini ili "chumvi ikaushe usaha". Haikaushi. Baharini, kisimani na kwenye beseni la kuchezea asiingie mpaka sikio lithibitishwe limekauka na limefunga.

Kaka_wa_Nachingwea

Nimesoma hapo juu pamba ya vaselini. Huku kwetu watu huziba sikio kwa pamba kutwa nzima ili usaha usichafue nguo na nzi wasitue. Hilo nalo ni sawa?

Nesi_Masikio

Hapana kaka. Usaha ukizibwa unageuka bwawa, ngozi ya tundu inachubuka, fangasi wanaota, hasa kwa unyevu wetu wa masika. Sikio libaki wazi, lifutwe nje kila linapotoka. Nzi wazuieni kwa chandarua mtoto akilala mchana.

Na kwa kuwa umetaja: mkiona muwasho, kitu cheupe kama karatasi iliyolowa chenye vitone vyeusi ndani ya tundu, hao ni fangasi. Matone ya antibiotiki ya muda mrefu huwaita. Yasimamishwe, mtoto aonwe.

Mama_Mikindani

Narudi kidogo. Kuna jambo la kimeo. Mtoto akiwa na kikohozi na masikio hayaishi, atatokea mtu wa kusema kimeo ndicho chanzo, kikatwe. Kimeo hakina uhusiano wowote na mrija wa sikio. Kukikata kunaleta damu nyingi, pepopunda na usaha wa koo, na masikio yatabaki vilevile. Vivyo hivyo kusema ni meno tu. Kushika sikio peke yake bila homa wala kilio cha usiku kunaweza kuwa mchezo, lakini jino halitoi usaha sikioni.

Tabibu_wa_Kusini

Mmeeleza vizuri sana. Nimalizie yale ya kumfanya asiugue tena, na yale ambayo kituo kisiyasahau kesho.

Moshi. Wa sigara ndio wenye ushahidi mzito zaidi: nyumba yenye mvutaji, watoto wake wanaumwa masikio zaidi, hata akivutia barazani huku mtoto yupo pajani. Moshi wa kuni nao unavimbisha njia ya pua. Kupika kwa mafiga huku mtoto yuko mgongoni ni kumweka puani mwa jiko. Msimu wa korosho unaongeza wake: moshi wa maganda wakati wa kukaanga korosho una mafuta makali yanayounguza, na salfa inapopulizwa mashambani, kuanzia Mei hivi mpaka Agosti, vumbi lake linakereketa pua na macho. Mtoto asibebwe kwenda kwenye shamba linalopulizwa siku hiyo.

Kula na kunyonya. Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka 2 na zaidi, yanapunguza masikio. Uji au maziwa asinyweshwe akiwa amelala chali, iwe kwa chupa au kwa kiganja. Kichwa kiwe juu kuliko tumbo, kwa kikombe na kijiko. Pua ikiziba, andaa maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemka na kupoa, robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Matone 2 kila tundu la pua kabla ya kunyonya. Yatengenezwe mapya kila siku.

Chanjo. Kagua kadi: pentavalenti (ya magonjwa matano) na ya nimonia, PCV, katika wiki ya 6, 10 na 14. Tanzania ilianza PCV mwaka 2013 na ndiyo inayolenga mmoja wa bakteria wakuu wa sikio. Surua-rubela mwezi wa 9 tayari? Ya pili ni mwezi wa 18. Kama kuna dozi ilirukwa, aipate kesho.

Lishe. Mzunguko wa mkono upimwe. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa wastani, na sikio halitapona vizuri mpaka lishe irekebishwe.

VVU. Lisemwe kwa utulivu bila kumshtua mama: sikio sugu ni mojawapo ya sababu za kupima. Kipimo cha VVU cha wakati wa ujauzito kilichokuwa hasi hakitoshi, kwani maambukizi yanaweza kuja wakati wa kunyonyesha. Mama apimwe kesho. Akiwa hasi, mtoto hahitaji zaidi. Akiwa chanya, mtoto wa chini ya miezi 18 hupimwa kwa tone la damu kwenye karatasi, kwa sababu kipimo cha haraka kinaweza kusoma kingamwili za mama. Na waulizwe kama kuna mwenye kikohozi cha wiki mbili nyumbani. Kifua kikuu cha sikio kipo, hutoa usaha bila maumivu na hakisikii matone.

Kisha kuna kitu kilichoingizwa. Usaha wa upande mmoja wenye harufu, kwa mtoto aliyeanza kushika punje, unaweza kuwa mbaazi, choroko au shanga. Kabla ya kutia chochote, mwenye otoskopu achungulie. Mbegu isisukumiwe maji, itavimba na kukwama zaidi.

Antibiotiki ya kinga ya kila siku msikubali kirahisi. Faida ni ndogo, na bakteria wanazoea.

Rufaa: kama baada ya wiki mbili za utambi na siprofloksasini zilizofanywa kwa uaminifu sikio la kulia bado linatoka, au kuna damu, au kinyama kinaonekana ndani ya tundu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Harufu mbaya isiyoisha huweza kumaanisha ngozi imeota nyuma ya ngoma na inakula mfupa, na hiyo ni ya upasuaji. Tundu lisilojifunga nalo lifuatiliwe. Anayekoroma na kulala mdomo wazi akaguliwe nyama za puani. Kutoka Tandahimba mlango wa kwanza ni hospitali ya wilaya. Mbele yake kuna hospitali ya mkoa ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, au hospitali ya Ndanda kwa wa upande wa Masasi. Wa Lindi wana hospitali ya Sokoine. Ulizieni siku ya kliniki ya masikio kwa simu kabla ya kulipa nauli. Na barua iwe na tarehe kama ulizoandika hapa, sikio gani, dawa gani, miligramu ngapi, siku ngapi. Ukiandika tu kwamba alitumia antibiotiki, daktari ataanza upya.

Mhudumu_Tandahimba

Ahsanteni sana. La mwisho. Mama anasema mtoto siku hizi haitiki mpaka amwone mtu. Nampimaje kusikia hapa nyumbani kabla hatujaondoka?

Nesi_Masikio

Hilo ni muhimu, usiliache. Majimaji nyuma ya ngoma hufanya sauti ifike kama mtu anayeongea upande wa pili wa ukuta. Mara nyingi hukauka ndani ya miezi 3, yakizidi hapo apelekwe kupimwa, maana huu ndio umri wa kuokota maneno.

Chagua chumba kimya, redio imezimwa, mtoto ameshiba. Akae pajani kwa mama akiangalia mbele, na mtu wa tatu akae mbele yake na kijiko au mdoli wa kumshika macho, kisha akifiche. Wewe simama nyuma kiubavu, hatua moja kutoka sikioni, mahali asipoona kivuli chako wala kuhisi pumzi yako. Usipige makofi wala kugonga sakafu, atageukia mtikisiko. Mwite jina kwa sauti ya chini, kisha tikisa punje za mchele ndani ya chupa ndogo, taratibu. Subiri sekunde 5. Fanya upande wa kulia mara 3, kushoto mara 3, ukichanganya mpangilio. Mtoto wa miezi 14 anatakiwa kugeuka kuelekea sauti angalau mara 2 kati ya 3. Andika matokeo ya kila upande kwenye daftari, na umwonyeshe mtabibu kesho kabla hajachungulia masikio.

Masikio yote mawili yakishakauka, rudia kipimo hicho baada ya wiki 4, chumba kilekile, chupa ileile ya mchele.